Psion Series 5mx: niweke Python au nijifunze OPL?

mpwa_Temeke

Wakuu habari zenu. Mjomba amerudi kutoka London, kanipa Psion Series 5mx, ile kompyuta ya mkononi yenye kibodi inayojitokeza ukifungua mfuniko. Nzima kabisa, ila gamba la mpira la nje limeanza kunata na kubanduka. Nimeweka betri mbili za AA, ikawaka papo hapo.

Lugha ya programu ya Python naijua, ndiyo ninayotumia kazini. Nataka mashine hii iwe ya kikoba chetu. Tunakutana kila Jumamosi, hisa moja ni 5,000, mweka hazina wetu ni mama mtu mzima anayeandika kila kitu kwenye daftari. Msinishauri simu tafadhali, kwenye kikao chetu simu zote zinawekwa kapuni hadi tumalize.

Nimesikia Python iliwahi kuhamishiwa EPOC, mfumo endeshi wa mashine hii. Kuna aliyeitumia? Au nianze na OPL, lugha ya programu iliyomo humo ndani? Na mafaili nitayatoaje, maana laptop yangu ina USB tu?

Baba Nasra

Ipo mkuu, ni Python 1.5.2, ile iliyotoka 1999. Inafanya kazi, lakini jiandae kisaikolojia. `+=` haipo. List comprehension (kuunda orodha kwa mstari mmoja) haipo, vyote hivyo vilikuja na 2.0. Hata `s.split()` hutaipata, unaandika `string.split(s)` baada ya kuita moduli ya string. Na toleo nililowahi kuliweka kwenye 5mx lilikuwa la dirisha la maandishi tu. Menyu hakuna, visanduku vya kujaza hakuna.

karani_Kilindini

Mpwa, salamu kutoka Mombasa. Chukua OPL. Nakuambia kwa moyo mmoja kwa sababu lugha hiyo imenilisha.

Nilikuwa karani wa kuhesabu shehena bandarini, na nilitembea na Series 5 ya kwanza, ile ya 1997 yenye prosesa ya ARM ya 18 MHz. Yako ya 1999 ina 36 MHz na RAM ya MB 16, kwa hiyo wewe ni tajiri. Namba ya kontena ni herufi nne na tarakimu saba, na ile tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi: kila herufi ina thamani yake, unazidisha kwa 1, 2, 4, 8 hivyo hadi 512, unajumlisha, unagawa kwa 11 na kuangalia kinachobaki. Nikaiandika kwa OPL nikiwa nimesimama kwenye kivuli cha kreni. Mwenzangu ananisomea namba, naigonga, na kabla hajafika kontena la pili mashine imeshaniambia kama namba ni sahihi au kuna tarakimu imegeuzwa. Karatasi haikuwahi kunisaidia hivyo.

Sasa sikiliza kwa nini nasema OPL. Psion waliitengeneza lugha hii kwa ajili ya mashine zao wenyewe. Ilianza na Organiser II mwaka 1986, ikaja Series 3, ikaja hiyo yako. Kwa hiyo inaijua skrini, inaijua kalamu, inaijua kibodi, na inatunza kumbukumbu kwa amri zake yenyewe. Na kila kitu kimo mkononi mwako: fungua Program kwenye Extras, andika, chagua Translate, mashine inakuonyesha mstari wenye kasoro, unarekebisha, unaiendesha. Kompyuta nyingine haihitajiki. Unaweza kurekebisha programu ndani ya daladala, na nakusihi ujaribu, ni raha ya pekee. Python humo ni mgeni, haijui chumba kipi kina nini.

Jaribu hii leo leo:

```
PROC mchango:
  LOCAL jina$(30), kiasi&
  kiasi&=5000
  dINIT "Mchango wa leo"
  dEDIT jina$,"Jina"
  dLONG kiasi&,"Kiasi",500,1000000
  IF DIALOG
    PRINT jina$,kiasi&
  ENDIF
  GET
ENDP
```

Mistari michache hiyo inakupa kisanduku kamili: jina, kiasi ambacho tayari kina 5000, na mashine yenyewe inakataa kiasi chini ya 500 au juu ya milioni. Esc inafuta, Enter inakubali. Mama wa hazina hana haja ya kufundishwa chochote zaidi. Kwa dirisha la maandishi ungemwambia nini?

Angalia sana hiyo alama ya `&`. Kwenye OPL jina likiishia na `%` ni namba nzima ndogo, mwisho wake 32,767. Likiishia na `&` linafika zaidi ya bilioni mbili. `$` ni maneno, na lisilo na alama linabeba desimali. Mimi kule bandarini `%` ilinitosha, maana hesabu ya kontena haifiki hata elfu kumi. Shilingi yenu haitatosha humo: hisa saba za 5,000 ni 35,000, programu inasimama hapo hapo kwenye mwanachama wa saba. Tena usifikiri kuweka `&` upande wa kushoto peke yake kunasaidia. Ukiandika `jumla&=idadi%*bei%` anazidisha kwanza kwa kipimo kidogo, anakwama kabla hajafika kwenye `jumla&`. Kila kinachogusa pesa kiwe na `&` tangu mwanzo. Riba ya mkopo tu ndiyo uiweke kwenye jina lisilo na alama.

mpwa_Temeke

Mzee wangu shikamoo, na asante sana. Nimeigonga hiyo programu, kisanduku kimetokea kama ulivyosema, nimemwonyesha mke wangu akaijaza mwenyewe.

Sasa swali la kumbukumbu. Nikizima mashine michango inabaki? Betri zikiisha katikati ya wiki je? Hili ndilo linalonitia hofu, pesa za watu hizi.

karani_Kilindini

Marahaba. Hofu yako ni ya haki.

Diski C ya mashine hiyo ni RAM. Ukizima inabaki, kwa sababu umeme mdogo unaendelea kupita. AA zikiisha inashikiliwa na ile betri bapa kama ya saa, CR2032. Zikitoka zote mbili, C inafutika kabisa, na hakuna fundi wa kuirudisha. Kwa hiyo nunua CR2032 mpya kabla ya kitu chochote, usiamini iliyokuja nayo. Ukibadilisha, toa aina moja, weka mpya, ndipo uguse nyingine.

Halafu michango isikae C hata siku moja. Ubavuni kuna tundu la kadi ya CompactFlash, hiyo ndiyo D, na kadi haihitaji umeme ili kukumbuka. Tafuta ndogo, iwe na mpangilio wa mafaili wa FAT16, maana yake isizidi GB 2. Tengeneza folda ya Kikoba humo, kisha:

```
CREATE "D:\Kikoba\hisa",A,jina$,kiasi&
```

Hiyo ni mara ya kwanza tu. Baadaye unatumia OPEN kwa mtindo huo huo. Kupata jumla, anza na FIRST, zunguka na `WHILE NOT EOF`, ongeza `A.kiasi&`, kisha NEXT, funga na ENDWH. Na kila kikao kikiisha, toa nakala ya maandishi matupu: `LOPEN "D:\Kikoba\hisa.txt"`, kila mstari kwa LPRINT, mwisho LCLOSE. LOPEN inafuta faili la zamani lenye jina hilo, kwa hiyo tia tarehe ya kikao ndani ya jina.

Kingine, daftari la mama lisiachwe. Mwachie aandike kama kawaida, mashine ijumlishe, mwisho wa kikao mlinganishe mbele ya watu wote. Pesa ya kikundi inataka mashahidi wawili.

Baba Nasra

Naongezea la USB. Njia rahisi ni kuchomoa hiyo kadi na kuiweka kwenye kisomea kadi cha CF, laptop inaiona kama flashi. Waya wake ni wa serial, utahitaji kibadilishi cha kwenda USB. Programu za kuunganisha: kwa Windows kulikuwa na PsiWin, kwa Linux kuna plptools na mimi ndiyo ninayotumia. Kadi ni haraka zaidi kuliko waya, ambao unaishia biti 115,200 kwa sekunde.

Ukitaka kuandika ukiwa kazini, tafuta WindEmu, inaiga 5mx nzima ndani ya kompyuta. Na kuna OpoLua inayoendesha programu za OPL kwenye iPhone, nayo imeandikwa kwa Lua.

Karani, vipi kuhusu ule utepe wa skrini? Mashine hizi naziona nyingi zikifa kwa hilo.

karani_Kilindini

Kweli, umenikumbusha. Mpwa, ndani ya bawaba kuna utepe mwembamba unaopeleka picha kwenye skrini, na unachoka kwa kufungua na kufunga. Dalili yake ni mistari ya wima, au picha inatoweka ukifungua mfuniko hadi mwisho. Fungua kwa mikono miwili, taratibu, na kwenye kikao iache wazi hadi mmalize. Utepe ukikatika, kilichomo kwenye kadi kinabaki salama.

Riba yenu ni asilimia ngapi, na inahesabiwa kwa mwezi au kwa mkopo mzima? Nijibu hapa nikuandikie PROC yake.

mpwa_Temeke

Asilimia 10 kwa mkopo mzima, miezi mitatu, ukichelewa kuna faini ya 2,000 kila wiki. CR2032 nimeshanunua, kadi ya CF bado naitafuta Kariakoo.