Mti gani niutie kwenye picha ya shamba la babu?

Mchoraji_Wete: Asalaam alaykum jamani. Mie najifunza kuchora kwa penseli, juzi nimechora shamba la babu nikatia minazi mitatu imeinama, bahari nyuma, mwalimu kaitazama kanambia "hii kadi ya posta hii", ati kila mti una neno lake na minazi yangu haisemi kitu. Sasa mti unasemaje kwenye picha? Na mbuyu je? Mama kashasema mbuyu una mashetani yake hautundikwi ukumbini 😂

Makonyo: Waalaykum salaam. Shamba la Wete, Pemba, bila mkarafuu, kweli? Kile kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu chungu nzima Unguja, Pemba ikasalimika, ndo mana mtu akiuona mkarafuu anajua ni Pemba bila kuandikiwa. Ila usiuchore peke yake, tandika jamvi chini karafuu zimeanikwa na mtoto anachambua, hapo mti utasema kazi, utasema pesa ya skuli, na deni pia maana wengine pesa zake zinaliwa kabla karafuu hazijachumwa.

bi_rangi: Wachoraji wa nje wanalijua sana hili. Friedrich, yule Mjerumani, akichora mialoni mikavu penye theluji unahisi mauti tu. Van Gogh 1889 kachora misaipresi, kule Ufaransa alikokuwa ni miti ya makaburini, yeye kaifanya kama ndimi za moto. Wachina msonobari kwao ni umri mrefu kwa vile baridi ikija haupukutishi. Lakini ukiuleta msonobari Wete nani atakuelewa? Kwetu ukitaka baraza na mazungumzo chora mwembe, mitaa mingapi mjini Unguja imeitwa kwa miembe, Mwembetanga, Mwembeladu, Mwembe Makumbi...

mkwezi_mstaafu: Mnauonea mnazi bure. Kosa siyo mnazi, kosa umeuchora kama anavyouona mgeni aliyelala kwenye kitanda cha hoteli. Uchore wima, na shina ulitie vidato, mtu akiviona anajua hapa kuna mkwezi anapanda na kuna watu wanakula. Mbuyu mwachie mama, ukumbi wake.

Mchoraji_Wete: Ahsanteni sana wakubwa zangu. Nimekwenda kumuuliza babu mwenyewe, kanambia mnazi upo mmoja tu, nyuma ya choo, na haujainama. Nafuta 😭