Siku za mwisho kwa wakwe Maskati: mizigo, viza na kuaga

Umm Nasra
Assalaam alaykum. Mimi na wanangu wawili tupo Seeb, hapa Maskati, kwa wakwe tangu likizo ianze. Ndege ya kurudi Dar ni saa saba na nusu usiku, Jumamosi kuamkia Jumapili. Viza zetu zinaisha Jumamosi hiyo hiyo. Kila mtu ana begi moja la kilo 30. Nina halua, tende, ubani, manukato na papa mkavu. Nianzie wapi? Na dada wa kazi apewe lini ahsante yake?

Mzee wa Kaunta
Waalaykum salaam. Anzia viza, mwanangu. Saa saba na nusu usiku tarehe imeshageuka. Ukigongewa muhuri wa kutoka baada ya saa sita, umepitiliza siku moja. Faini ni riali 10 kwa siku, kwa kila mtu. Ijumaa na Jumamosi ofisi za viza zimefungwa, kwa hiyo suala hili limalizwe kabla ya Alhamisi mchana. Usitegemee kuwahi muhuri saa tano usiku na watoto wawili na foleni.

Mizigo: begi tupu la magurudumu lenyewe hula kilo 4 au 5. Kama hamna mizani ya begi, panda ile ya bafuni peke yako, kisha panda na begi, utoe uzito wako. Pawabenki hukaa mkononi, kamwe si kwenye begi la chini. Ya mAh 20,000 ni kama Wh 74 (Wh ni kipimo cha nishati ya betri), inapita. Mpaka ni Wh 100.

Bint Barka
Halua inunue siku moja kabla, uiweke begi la chini. Mkononi huhesabiwa kama kimiminika, na zaidi ya mililita 100 utaiacha kwenye ukaguzi. Zungusha selotepu kwenye mfuniko, bakuli likae katikati ya nguo. Friji haitaki: samli inaganda na halua inakuwa ngumu.

Tende chukua fardhi, ni kavu kidogo na zinastahimili kubanwa. Khalasi ni tamu lakini laini, asali yake huvuja. Ubani utie kwenye kopo la bati, maana kwenye joto hushikana ukawa bonge. Vile vidonge vya makaa vinavyojiwasha kwa kiberiti usibebe kabisa, havikubaliwi begi lolote; Dar kuna makaa. Manukato begi la chini: chupa isizidi nusu lita, na jumla lita 2 kwa mtu.

Papa mwache. Harufu hupenya hata plastiki mbili, na wakaguzi wa mazao ya wanyama wana maswali yao. Mifuko ya plastiki ya dukani nayo iache huko, Tanzania imepigwa marufuku tangu 2019.

Wifi Mkubwa
Mmesahau mzigo mkubwa kuliko yote: wa mama mkwe. Huo hutoka kabatini usiku wa mwisho, mabegi yakishafungwa, na haukataliwi. Acha kilo 5 wazi kwenye begi la mtoto. Siku mbili kabla muulize wifi yako, si mama, kinaandaliwa nini. Kikizidi, toa nguo zako uache. Kumwambia mama "begi limejaa" ni kumrudishia mkono wake.

Wazee wote wa ukoo wapitie Alhamisi. Ijumaa baada ya swala ni chakula cha nyumba kubwa, hapo ndipo mtatakana radhi na kila mtu. Jumamosi usipange ziara yoyote.

Dada wa kazi mpe bahasha mkononi mwake, faragha, Ijumaa. Kwanza mdokeze mama mkwe, kwani ndiye mwenye nyumba.

Umm Nasra
Ahsanteni sana. Na vifurushi vya majirani vya kupeleka Dar?

Mzee wa Kaunta
Kifunguliwe mbele ya mwenyewe, ukifunge wewe. Kilichoshonwa tayari, au chenye dawa zisizo na jina la mgonjwa, kirudi kwake. Kaunta watakuuliza wewe nani amefungasha, si jirani.