Naomba ushauri: daftari lina familia 40, mlangoni kuna watu mia

Bwana asifiwe wapendwa. Kanisa letu liko Kisumu, pembeni mwa Nyalenda. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi sisi wa kujitolea, akina mama wengi na vijana wachache, hugawa unga, maharagwe na sabuni kwa familia 40 tulizozitembelea pamoja na mzee wa mtaa.

Shida ilianza mafuriko yalipoingia kule nyanda za Kano, nje ya mji, na watu wakahamia kwa jamaa zao mjini. Mwezi uliopita ilibidi tufungue pakiti za kilo 2 na kupima kwa kikombe. Nyanya mmoja akaniuliza, "Mjukuu wangu, hiki ni cha kupika ama cha kuonja?" Nilicheka, halafu usiku nikakosa usingizi.

Pasta anasema tusimfukuze mtu. Mweka hazina anasema zimebaki shilingi 6,000. Wote wana haki, ndiyo maana nimekwama. Wengine wanataka tuache unga, tuwape akina mama mtaji wa kuuza omena, wale dagaa wa ziwani. Wazo si baya, lakini mtoto mwenye njaa leo atangojaje faida ya omena?

Waliopitia haya, mlianzia wapi? Na mtu ambaye jina lake halimo daftarini, mnamwambiaje?