Switch Lite au Switch ya OLED?

Wakuu, habari za jioni. Nataka kumnunulia mwanangu Nintendo Switch, ile mashine ya gemu ya kubebeka, ya kuchezea ndani ya basi la mwendokasi, Kimara hadi Posta. Nichukue toleo la Lite au lile la OLED (aina ya kioo)?

Jibu: Mkuu, Lite, iliyotoka mwaka 2019, ina kioo cha inchi 5.5 na ni nyepesi, lakini haiunganishwi na televisheni, na kwa kuwa pedi zake za kuchezea hazichomoki, zikiharibika utapeleka mashine nzima kwa fundi.

Jibu: OLED ya mwaka 2021 ina inchi 7 na hifadhi ya gigabaiti 64, maradufu ya Lite. Ukienda Kariakoo, iwashe kabla hujalipa.

Muulizaji: Ahsanteni. Kwangu televisheni ni ya mama na tamthilia zake, hivyo nitachukua Lite.