Gari linatetemeka baada ya kufunga rimu za inchi 17, na balansi inasoma sifuri. Naomba ushauri

MsafiriMbali
Wakuu, habari za leo. Nina Toyota Auris, lilikuja na rimu zake za aloi inchi 16, matairi 205/55R16. Nimefunga rimu nyingine za aloi inchi 17 na matairi mapya 225/50R17. Muonekano umenoga, ila nikifika spidi 90 usukani unaanza kutetemeka, na kwenye 100 mpaka 110 mikono inakufa ganzi. Nikipita 120 unapungua. Nikikanyaga breki hakuna kinachobadilika. Pia gari limekuwa zito kuondoka, na mlimani linaomba gia ya chini mapema kuliko zamani.

Nimerudia balansi, mashine inasoma sifuri magurudumu yote. Alaimenti imefanyika. Fundi sasa anataka nibadilishe shokapu na boljointi. Kabla sijaingia gharama hiyo, mnaonaje?

Kisiki
Usiguse shokapu mkuu. Rudisha magurudumu ya zamani, pita barabara ileile kwa spidi ileile. Mtetemo ukiisha, ugonjwa uko kwenye rimu au namna zilivyofungwa. Ukiusikia kwenye usukani, anza na magurudumu ya mbele. Ungekuwa kwenye kiti ningekwambia ya nyuma. Ungekuja kwenye breki tu, ningesema diski.

MamaGereji
Kaka, hapo kwenye "mashine inasoma sifuri" ndipo wengi wanapopotea. Mashine ya balansi inaishika rimu kwa koni inayopita kwenye tundu lake la katikati, kwa hiyo kule rimu inazunguka kwenye kitovu chake yenyewe. Kwenye gari inazunguka kwenye habu, yaani kile kitovu cha gari ambacho rimu inafungwa juu yake, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Rimu nyingi zisizo za kiwandani hutobolewa tundu kubwa ili ziingie kwenye magari ya aina nyingi, milimita 73.1 ni ya kawaida sana. Habu ya Auris ni 60.1. Rimu ikifungwa imelalia upande mmoja hata kidogo tu, gurudumu zima linazunguka nje ya kitovu, na hakuna risasi ya balansi itakayorekebisha hilo. Dawa ni ringi za habu: nje zilingane na tundu la rimu, ndani zilingane na habu. Pima kwa vernia kwanza, usinunue kwa kukisia.

Bolti5
Samahani dada, ringi si lazima. Nati zenyewe ndizo zinazoiweka rimu katikati. Mimi natembea bila ringi na gari limetulia.

MamaGereji
Ni kweli, kama nati ni za koni na zimekazwa gurudumu likiwa hewani, kwa kuruka kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Ukizikaza gari likiwa limeshakanyaga chini, uzito unaivuta rimu kabla nati haijakaa. MsafiriMbali, nati zako zikoje? Nauliza kwa sababu nati za rimu za aloi za Toyota huwa na shingo na washa bapa, na rimu za aina yako karibu zote zina tundu la koni.

MsafiriMbali
Nimetoka kuangalia sasa hivi. Ni zilezile zilizokuja na gari, zina washa bapa.

MamaGereji
Basi usitembee nazo tena mpaka ubadilishe. Washa bapa kwenye tundu la koni inagusa ukingo tu, haishiki wala haiweki rimu katikati. Nati za namna hiyo hulegea. Chukua za koni, uzi wa M12 x 1.5 (kipenyo milimita 12, nafasi kati ya nyuzi milimita 1.5). Na hakikisha rimu ni 5x114.3 kweli, yaani bolti tano kwenye duara la kipenyo cha milimita 114.3, maana wapo wanaolazimisha 5x112 ikaingia, bolti zikakaa zimepinda.

Kipimo
Niongezee kwenye uzito wa kuondoka. 205/55R16 ina kipenyo cha milimita 632 hivi. 225/50R17 ni 657. Umeongeza karibu asilimia 4, yaani gia zako zote zimerefuka kwa kiasi hicho, na pale spidomita ilipokuwa sahihi kwa 100, sasa unatembea 104. Juu yake kuna uzito: kilo ikiongezeka kwenye tairi, pembezoni kabisa mwa gurudumu, injini inaisikia kuliko kilo hiyohiyo ndani ya buti, kwa sababu lazima iizungushe pia. Saizi iliyofaa kwa rimu zako ilikuwa 225/45R17, kipenyo 634. Ukikata usukani mpaka mwisho, hayo ya sasa hayagusi?

MsafiriMbali
Yanagusa plastiki ya ndani nikiwa na abiria nyuma.

Mrejesho: tundu la rimu kweli ni 73.1, mpangilio wa bolti ni 5x114.3. Nimeweka ringi na nati mpya za koni, zimekazwa gurudumu likiwa hewani. Usukani umetulia mpaka 120, shokapu na boljointi ni zilezile. Uzito mlimani bado upo, nimekubaliana na muuzaji abadilishe matairi yawe 225/45R17. Dada MamaGereji, Mungu akubariki.

MamaGereji
Amina. Malizia kukaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, nyutonimita 103, na ukague tena baada ya kilomita 100 hivi. Matairi mapya yakija, angalia namba ya mzigo, ile iliyoandikwa ubavuni mwa tairi baada ya saizi, isishuke chini ya 91.