Wameniuzia godoro la matabaka "la mgongo", nimefungua zipu kama walivyosema, sasa wanadai garantii imekufa!

Wakuu, nina hasira na kiuno kinawaka moto, mnivumilie.

Duka moja hapa Dar lilininadia godoro la matabaka manne, 5 kwa 6 inchi 8, lenye zipu pembeni. Maelezo yao: ukiliona gumu au laini mno, fungua zipu, panga upya sponji mpaka mgongo utulie. Nilichokilipia ni hicho, kwa bei ya magodoro mawili ya kawaida.

Lilikuja tabaka gumu likiwa juu. Ukilala chali, kiganja kinapita chini ya kiuno bila kugusa kitu, yaani kiuno kinaning'inia, mzigo wote uko mabegani na makalioni. Nikapiga simu. "Kaka, godoro la mgongo lazima liwe gumu, utazoea." Nani kawadanganya? Mwaka 2003 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Hispania, watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno: waliolalia magodoro ya ugumu wa wastani walipata nafuu kuliko waliolalia magumu. Zaidi ya miaka 20 baadaye bado wagonjwa wanaambiwa watazoea!

Basi nikafungua zipu. Tabaka laini nikalileta juu, gumu likashuka. Mabega yakapata nafuu, lakini makalio yakazama, asubuhi siwezi kuinama kuvaa soksi. Tatizo ni tabaka la katikati, ambalo ndilo la kuzuia nyonga zisizame. Lebo inasema densiti 40, yaani kilo 40 kwa mita moja ya ujazo. Haya, pigeni hesabu: sponji la futi 5 kwa 6, unene inchi 2, ni kama mita za ujazo 0.14. Lilitakiwa lizidi kilo 5 na nusu. Nimeliviringisha, nikalifunga kamba, nikalipeleka kwenye mizani ya muuza nafaka mtaani: halifiki kilo 3! Na msichanganye densiti na ugumu. Sponji jepesi linaweza kuwa gumu siku ya kununua, ila huchoka mapema na kubonyea palepale mwili unapolala. Tabaka la chini kabisa ni chenga za sponji zilizogandishwa, za bluu, njano, pinki, zinamomonyoka ukizigusa.

Nimerudi dukani na picha zote. Meneja hata hakuziangalia. "Umefungua zipu, garantii imekufa." Kwenye risiti hakuna mstari wowote unaosema hivyo, na kipeperushi chao kina picha ya mtu anafungua zipu hiyohiyo!

Kilichonichoma zaidi, pembeni yangu alikuwepo mama mtu mzima, kavaa mkanda wa kiuno juu ya gauni, anaelezwa maneno yaleyale niliyoelezwa mimi. Nilimwonyesha picha ya mizani, wakaniambia nitoke nje. Watu wanachanga pesa kwa shida kwa sababu wana maumivu, halafu mnawauzia chenga?

Nataka moja kati ya mawili: tabaka lenye densiti iliyoandikwa kwenye lebo, au hela yangu yote. Ushahidi ninao: risiti, lebo, kipeperushi, picha ya mizani. Aliyewahi kupeleka malalamiko ya bidhaa FCC (Tume ya Ushindani), ulianzia dawati gani na walikutaka nini? Jumatatu asubuhi nakwenda.