Mjadala: Eti baridi ya mlima ndiyo inayoleta uchapakazi?

Wakuu, kila ikitajwa Kaskazini mwa Tanzania hoja ni ileile: watu wa mlimani wachapakazi kwa sababu ya baridi, watu wa pwani wamelegea kwa sababu ya joto. Juzi nimeisikia tena kwenye daladala ya Usa River, kijana anamweleza mwenzake kwa uhakika kabisa, na abiria wanaitikia. Mimi naipinga.

Wazo lenyewe ni la siku nyingi. Ibn Khaldun, mwanazuoni wa Afrika Kaskazini, aliandika karne ya 14 kwamba hali ya hewa hujenga tabia za watu. Mwaka 1748 Montesquieu wa Ufaransa akasema baridi huwatia watu nguvu na ujasiri, joto huwalegeza. Mwaka 1915 Mmarekani Ellsworth Huntington akachora hadi ramani, na hewa bora ikaangukia Ulaya ya kaskazini-magharibi na upande wa Marekani alikoishi yeye mwenyewe. Ajabu ni kwamba wenye nadharia hii huikuta hewa nzuri kwao.

Sasa tuangalie Mlima Meru. Ukitoka Ilboru na Sambasha kwa Waarusha, ukaenda Poli na Nkoaranga kwa Wameru, unakanyaga udongo uleule wa volkano na unanyeshewa mvua ileile. Migomba ni ileile, kahawa chini yake, ng'ombe bandani anakatiwa majani. Lakini Mwarusha anaongea Kimaa, na Mmeru anaongea lugha iliyo ndugu na Kichaga. Mlima mmoja, watu wawili.

Waarusha walipanda huku miaka ya 1830 wakitoka tambarare za Arusha Chini, kusini ya Moshi. Mlimani wakashika jembe na mgomba, lakini lugha na mfumo wa rika hawakuuacha. Wameru nao wakaja kuuchukua mfumo huo wa rika kutoka kwa Waarusha. Haukuota kwenye udongo. Waliupata kwa jirani, katika vita na katika kuoana.

Na pwani? Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu mji ule kwa uzuri. Watu wale walijenga msikiti mkubwa wa mawe ya matumbawe na wakatengeneza sarafu zao wenyewe, katika joto lilelile tunaloambiwa linalegeza mwili.

Karibuni.

Mchangiaji, Kibosho:
Mleta mada, heshima yako, ila umechagua hoja dhaifu ukaipiga. Hiyo ya baridi na uvivu hata mimi siitetei. Lakini huwezi kusema mazingira hayaundi watu. Njoo huku Kilimanjaro uone mfongo, yaani mfereji wetu wa maji. Mto uko chini kabisa korongoni, migomba iko juu mgongoni. Maji lazima uyachepushe mbali huko juu, kwa mawe na udongo, halafu uyatembeze ubavuni mwa kilima hadi yafike. Mtu mmoja hawezi. Ndiyo maana ukoo unachimba pamoja, kuna zamu za maji, kuna siku ya kusafisha mfereji, na asiyekuja anatozwa faini. Ushirikiano huo tumefundishwa na korongo. Na hata huyo msafiri wa Kilwa, bila pepo za kaskazi na kusi jahazi lisingefika. Halafu uhaba wa ardhi: mlima umejaa, vijana wanatoka kwenda kufanya biashara. Hayo si mazingira?

Mleta mada:
Ndugu wa Kibosho, kwenye mfongo umenishika, na pepo nakubali. Korongo linakulazimisha kushirikiana. Ila halikwambii zamu aanze nani, wala faini iwe mbuzi au pombe. Hayo wazee walikaa wakaamua, na wangeweza kuamua vingine.

Kwenye uhaba wa ardhi ndipo tunapoachana. Ni kweli vihamba, yaani mashamba ya migomba ya ukoo, vimebanana. Lakini nani anatoka? Kwa mila ya Kichaga, kifungua mimba anapewa sehemu yake, kitinda mimba anabaki na nyumba ya baba. Wa katikati ndio wanaoambiwa wakatafute. Huyo ndiye unayemkuta Kariakoo na Mwanza anafungua duka, halafu watu wanasema ni damu ya mlimani. Mlima haukumchagua yeye. Alichaguliwa na mpangilio wa urithi.

Na mabinti? Wamezaliwa kwenye baridi hiyohiyo, wamebeba majani ya ng'ombe kwenye njia hizohizo, lakini kihamba kwa mila hawarithi kama kaka zao. Nijibu hapo, kaka: ni tabianchi ipi iliyoamua hilo? Tukishasema mazingira ndiyo yaliyopanga, hakuna wa kuulizwa, na hakuna cha kubadilisha kwenye kikao cha ukoo cha Desemba, mkiwa nyote mmerudi nyumbani.